Mkoko Haupandwi, Mkoko Hulelewa

Kuna sherehe moja ambayo fukwe za Unguja, Pemba na mrima zimekwisha kuizoea. Asubuhi magari hufika, hema husimamishwa, viti hupangwa kwa daraja za wenye kuvikalia, na fulana zenye maandishi hugawiwa. Hotuba husomwa. Kisha mgeni rasmi hukunja suruali, huingia topeni hatua tano, huchomeka kimche cha mkoko, na kamera zote humwelekea yeye. Idadi ya miche hutangazwa kwa kipaza sauti: elfu tano, elfu kumi. Jioni walimwengu huambiwa kwamba msitu umepandwa.

Hesabu ya miche yaweza kuwa ya kweli. Uongo umo katika kitenzi. Hakuna msitu uliopandwa siku ile. Wahenga walikwisha kulipambanua jambo hili kabla ya hema la kwanza kusimamishwa ufukweni, waliponena kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na mwana wa mkoko ana ajabu yake. Huota angali juu ya mti mamaye, akining'inia kama mshumaa wa kijani, na huanguka akiwa tayari kushika tope na kutoa mizizi. Mimba, basi, imekwisha kulelewa na mti wenyewe, bila bajeti wala kamati ya maandalizi. Kazi inayombakia binadamu ni ile ya pili, na hiyo ndiyo isiyokuwa na mgeni rasmi.

Kazi ya pili ina msimu wake, nao ni kipupwe, tangu Juni hata Agosti, wakati kusi inapovuma na bahari kuchafuka. Mtu wa nchi za theluji atacheka akisikia kwamba kuna baridi katika visiwa hivi. Na asimame kwanza katika tope la magotini, nguo zimemlowa, upepo unampiga mgongoni, akingoja maji yamalize kupwa, ndipo acheke. Kusi huleta majani ya bahari na mwani, huyarundika juu ya vimche, huviinamisha hata vikavunjika. Lazima pawe na mtu wa kuyaondoa, kisha arudi baada ya bamvua nyingine ayaondoe tena. Vijishina huvamiwa na wanyama wadogo wenye gamba gumu, wale wale wagandao kwenye chombo kilichokaa mno majini bila kukwanguliwa. Vikiachwa hivyo hulemewa, hudumaa na hufa. Kaa nao hula miche michanga, na mbuzi hula majani ya mchu. Palipokufa mche hutakiwa mwingine, na huo hauna budi kuchaguliwa, maana si kila uliookotwa ufukweni una uhai.

Zaidi ya hayo kuna doria. Masika yakikatika watu huanza kujenga, na ujenzi hutaka fito, mapau na boriti. Katika Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, mikoko ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Vijiji vilivyoizunguka vina kamati zao za hifadhi. Wanakamati ni wavuvi, wakulima, akina mama wa mwani, watu wenye kazi nyingine za kuwapatia chakula. Hao ndio waingiao msituni kutafuta visiki vibichi, na mara nyingine humkuta mwenye shoka ni jirani au mtoto wa shangazi. Kumzuia mgeni ni rahisi. Kumzuia mtu ambaye kesho mtaswali safu moja ni kazi isiyopimika kwa saa.

Na tazama kejeli ya majira. Miezi hiyo hiyo ya Julai na Agosti ndiyo ambayo watalii hujaa visiwani. Huja Jozani kuwaona kima punju, kisha hupita juu ya njia ya mbao iliyojengwa katikati ya mikoko, miguu mikavu, wakisifu utulivu wa mahali. Aliyeulinda utulivu huo yumo topeni, mbali na njia ya mbao.

Je, kilio hiki ni cha huruma tu kwa wanyonge? La hasha. Ni suala la kama msitu utakuwepo au hautakuwepo. Ufilipino ilipanda mikoko kwa miongo kadhaa kwa fedha nyingi sana, na mwaka 2008 wataalamu Primavera na Esteban waliandika kwamba miche iliyoishi kwa kawaida ilikuwa baina ya kumi na ishirini katika kila mia. Sri Lanka nayo ilishika miche kwa pupa baada ya tsunami ya Desemba 2004. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulitembelea maeneo 23 yaliyopandwa, yenye jumla ya hekta 1,000 hadi 1,200, na msitu uliofanikiwa ukaonekana katika hekta 200 hadi 220 tu. Katika maeneo tisa hakukusalia hata mti mmoja. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba pale miche ilipotunzwa baada ya kupandwa, iliyoishi ilikuwa mingi zaidi. Kwa maneno mengine, wataalamu walisafiri, wakapima, wakapiga hesabu, na wakafika pale pale walipokuwa wahenga na methali yao.

Sababu nyingine ya vifo hivyo ni kupanda mahali pasipofaa. Mti wa pwani una kwao. Mlilana hukaa mbele, ukipigwa na wimbi. Mkoko hufuata nyuma yake penye tope laini, kisha msinzi na mkandaa, na mchu huonekana hata kule juu ambako maji hufika siku za bamvua tu. Mwandalizi wa sherehe hatazami hayo. Hutafuta uwanja mpana ulio wazi, karibu na barabara, utakaotosha watu mia mbili na kamera zao. Akiuona uwanja huo hajiulizi kwa nini uko wazi. Mvuvi mzee aliyesimama pembeni anajua: pale wimbi ni kali mno, au pale ni malisho ya samaki, na majani ya bahari yaliyopo yana kazi yake na hayataki kufunikwa na mti. Anajua lakini hakuulizwa. Yeye ameitwa kuja kujitolea, na anayejitolea hupewa kazi, hapewi kauli.

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, nacho ni ugomvi wa neno. Kujitolea ni kitenzi cha heshima ambacho kimefanywa kijakazi. Neno lenyewe lilijengwa kwa uangalifu: kutoa, kutolea, kujitolea. Kiambishi cha kujirejea kinasema kwamba mtoaji na kitolewacho ni kitu kimoja, kwamba mtu ametoa nafsi yake. Kauli ya kutendea nayo hudai mtendewa: ametoa nafsi yake kwa ajili ya nani? Lugha imeuliza swali hilo ndani ya neno, na siku hizi hakuna anayejibu. Katika makaratasi ya miradi, anayejitolea ni mtu ambaye jina lake halimo katika safu ya malipo. Basi. Mwenye hema analipwa, dereva analipwa, mpiga picha analipwa, msoma hotuba ana posho yake ya siku. Yule atakayerudi peke yake mwezi wa Julai anaambiwa kwamba thawabu yake iko kwa Mungu. Ni kweli iko kwa Mungu, lakini waliomwambia hivyo hawakuziachia posho zao ziende huko.

Wengine husema kwamba kufanya kazi bila ujira ndiyo desturi ya Waswahili, na hutaja ujima. Wanaoutaja wameusahau. Katika ujima wa kulima au kuezeka nyumba, mwenye shamba alipika watu wakala, na kesho yake akachukua jembe lake akaenda kwa mwenzake. Ujima ulikuwa deni lililozunguka kijijini, na kila mtu alikuwa mdai na mdaiwa kwa zamu. Deni lisilozunguka, linalotoka kwa upande mmoja siku zote na kupokewa na upande mmoja siku zote, lina jina jingine katika historia ya visiwa hivi, na wenye kumbukumbu wanalijua.

Hoja ya pili huletwa kwa sauti ya upole: wakilipwa, moyo wa kupenda mazingira utakufa, watafanya kwa ajili ya fedha. Ajabu ni kwamba hoja hii haijapata kusemwa juu ya mtaalamu aliyetoka mjini. Yeye hulipwa na moyo wake haufi. Aidha, wanaoilea mikoko hawajadai mishahara ya maofisa. Madai yao ni madogo hata yanatia haya kuyataja: viatu vya mpira, tochi ya doria ya usiku, nauli ya ngarawa, chakula cha mchana siku ya kazi, matibabu anapokatwa mguu na chaza. Na dai moja kubwa kuliko yote, lisilogharimu senti: waulizwe mahali pa kupanda kabla ya hema kusimamishwa. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inatambua mikataba ya hifadhi baina ya jamii za vijiji na serikali. Aliyetajwa katika mkataba ni mshirika. Kumgeuza mshirika kuwa kibarua asiyelipwa ni kuichana karatasi hiyo bila kuigusa.

Kwamba deni laweza kuzungushwa, mfano uko ng'ambo ya mpaka, Gazi, katika Kwale ya Kenya. Mikoko ya Gazi ilikatwa mno miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Kazi ya kuirejesha ilianza mwaka 1991. Mwaka 2013 wanakijiji, kwa jina la Mikoko Pamoja, walianza kuuza hifadhi ya hewa ya ukaa katika hekta 117 za msitu wao, na mapato yakarudi kijijini kwa sura ya maji ya kunywa na vifaa vya shule. Biashara ya hewa ya ukaa ina walakini wake, kwa kuwa mnunuzi wa mbali huweza kujipatia ruhusa ya kuendelea kufukiza moshi, na jambo hilo linastahili makala yake. Lakini msomaji na apime nafasi iliyopo baina ya 1991 na 2013. Ni vipupwe ishirini na viwili. Kama pale Gazi wangeishia kwenye siku ya kupanda, mwaka 2013 pasingekuwa na cha kumwuzia mtu yeyote.

Na washairi je? Hao nao hawatoki katika kesi hii wakiwa safi. Mara ngapi malenga ameitwa kwenye sherehe ya kupanda, akapewa fulana na dakika tano kabla ya hotuba, akamsifu mgeni rasmi kwa vina vya kati na vya mwisho? Mara ngapi mkoko umealika maua katika mabaraza na malumbano, ukitumiwa na watu ambao hawajapata kuliona ua lenyewe? Ua la mkoko ni dogo, jeupe lililofifia, na hulioni mpaka usimame chini ya tawi. Ushairi wa pwani umetajirika kwa miti hii. Umechukua humo mafumbo na tashbihi, kama vile wajenzi walivyochukua boriti, na kama wao haukurudi kupanda.

Inafaa basi malenga wagome, mgomo wa adabu. Shairi lisitolewe siku ya kupanda. Anayelitaka aambiwe asubiri kipupwe cha tatu, kisha aongozane na mtunzi hadi pale pale palipokuwa na hema, maji yakiwa yamepwa, wahesabu pamoja miti iliyo hai. Ikiwa imesimama, shairi litungwe, na majina yatakayoingia katika beti yawe ya wale waliokwangua magamba na kuondoa majani mwezi wa Julai, mmoja mmoja, kwa ukoo wake. Ikiwa hakuna mti, mtunzi atakuwa na mada nyingine, na mgeni rasmi hatapenda kuisikia ikisomwa.

Kusi itavuma tena mwaka ujao. Majani ya bahari yatarundikana juu ya miche kama kawaida, na mtu fulani ataondoka nyumbani kwake alfajiri, kabla ya chai, akiwa na kisu butu cha kukwangulia na kikapu. Kwa uchache apewe viatu.