Injini Ipi kwa Mwalimu wa Hamugembe?

Kuna tamaa ambazo mtu huzitunza tangu ujana wake, akafanya nazo kazi miaka 40, akalea nazo watoto, na zisimtoke mdomoni mpaka siku atakaposhika kiinua mgongo chake mkononi. Majuma matatu yaliyopita nilikuwa Bukoba kwa shughuli zangu, na jioni moja nilikaribishwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, katika kata ya Hamugembe. Nikapewa punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi ya kule. Kabla sijamaliza punje ya pili, mwenyeji wangu alitoa simu yake, akavaa miwani, akanionyesha picha mbili.

Zote mbili zilikuwa za Ford Escort ya milango miwili, za lile umbo la pili lililotengenezwa hadi mwaka 1980. Moja nyeupe, ipo Mwanza, injini yake 1600. Ya pili ya manjano, ipo Kampala, nayo ni RS2000.

"Nichukue ipi, mwanangu?" akaniuliza. "Ninyi watu wa magazeti hamkosi jambo."

Mkewe, aliyekuwa akipanga vikombe, alijibu kabla yangu. "Mwambie kwanza habari za ukuta."

Ukuta wenyewe niliuona. Ni wa chumba wanacholala wajukuu, na una ufa unaopanda kutoka sakafuni hadi karibu na dari, uliozibwa kwa udongo na saruji kidogo. Ni kumbukumbu ya tetemeko la Septemba 10, 2016, ambalo wakazi wa Hamugembe hawana haja ya kuelezwa. Kwa hiyo swali la Mwalimu halikuwa la injini mbili peke yake. Fedha zilikuwa fungu moja, na wadai wake walikuwa watatu.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba muda, na leo namjibu mbele yenu, kwa kuwa najua hayuko peke yake. Wapo wanaotafuta Toyota Celica ya zamani na hawajui washike 1600 au 2000. Wapo wanaosumbuliwa na Datsun 240Z na dada yake 260Z. Magari ni tofauti, lakini mashaka ni yale yale.

Tuanze na maana ya tarakimu hizi, maana wengi huzisoma kama cheo. Elfu na mia sita, au elfu mbili, ni sentimita za ujazo. Mafundi wetu husema "sisi". Ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni zote kwa pamoja huifagia zinapopanda na kushuka. Injini ya silinda nne ya 2000 huvuta katika kila silinda nusu lita ya hewa iliyochanganyika na petroli, yaani ujazo wa chupa moja ya bia ya kwetu. Ile ya 1600 huvuta mililita 400: chupa hiyo hiyo baada ya mnywaji kupiga mafunda mawili matatu. Tofauti yote tunayoijadili ni mafunda hayo. Kwa gari la Mwalimu, watengenezaji waliyapa thamani ya nguvu za farasi 110 kwa RS2000, na takriban 84 kwa Escort 1600 iliyouzwa kwa jina la Sport.

Si tofauti ya kudharau. Lakini Mwalimu hakuipenda Escort kwa hesabu za farasi. Aliipenda kwa redio. Mwaka 1974 alikuwa mvulana wa miaka 14, na kila Pasaka habari za mashindano ya Safari zilimfanya asahau hata kula. Anakumbuka kwamba Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Escort RS1600 mwaka 1972, na kwamba Björn Waldegård wa Sweden alishinda kwa Escort RS1800 mwaka 1977. Kwake yeye, ikiwa 1600 ilishinda, na 1800 ikashinda, basi 2000 ni lazima iwe bora zaidi.

Hapo Mwalimu wangu, kwa heshima zote, amekosea hesabu. Injini za magari yale mawili zilikuwa za ukoo mwingine: zilikuwa na valvu 16 na kamshafti mbili juu ya kichwa, zimeundwa kwa ajili ya mashindano. Injini ya RS2000 ina kamshafti moja na valvu nane, na ndugu zake waliendesha magari ya kawaida ya familia huko Ulaya. Herufi RS zimeandikwa ubavuni mwa yote, lakini jina la ukoo si damu.

Na kama ni kukumbuka Safari, tuikumbuke yote. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alifika na Datsun 240Z, injini ya karibu 2400, na Harry Källström akafika na Datsun 180B, injini ya 1800 hivi. Pointi zao za adhabu zilikuwa sawa kabisa. Ilibidi kanuni ya kuvunja sare itumike ndipo Mehta apewe ushindi. Mwaka uliofuata, nchini Kenya, Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer ya 1600, na aliyemfuata nyuma alikuwa Waldegård, safari hiyo akiwa na Porsche Carrera ya 2700. Asinisingizie mtu kwamba nasema ndogo ndiyo hushinda daima, kwani mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Peugeot 504 yenye silinda sita na ujazo wa karibu 2700. Ninachosema ni kwamba barabara zetu hazijapata kusoma tarakimu za injini. Husoma springi, shokapu, rejeta na busara ya dereva.

Sasa tuje Bukoba yenyewe. Mji upo takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hata kabla hujaingiza gia ya kwanza. Farasi 84 wa Mwalimu watabaki kama 75. Wale 110 watabaki kama 99. Bahati yake ni kwamba Mwanza na Kampala zipo katika mwinuko unaokaribiana na huo, hivyo gari atakalolijaribu huko litamwonyesha tabia yake ya kweli. Angekuwa ananunua pwani ningemwonya kwamba kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya bahari ikipandishwa Kagera huvuta petroli kupita kiasi, na moshi mweusi ukamfuata hadi afanye marekebisho.

Lazima pia niitendee haki injini kubwa. Kutoka ufukweni mwa ziwa kupanda kuelekea Rwamishenye, akiwa na mkewe mbele, wajukuu watatu nyuma na mikungu ya ndizi katika buti, ile ya 2000 itapanda kwa gia ya tatu bila kulalamika mahali ambapo ya 1600 itadai ya pili. Injini isiyolazimishwa hudumu. Ndiyo maana nisingemshauri mtu mwenye mzigo huo ashuke hadi 1300. Ndogo inayokamuliwa kila siku huzeeka mapema, na akiba ya mafuta inaishia kwa fundi.

Mafuta, basi. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu tu, kwamba petroli ni shilingi 3,000 kwa lita na Mwalimu atatembea kilomita 400 kwa mwezi: sokoni, kanisani, na mara moja moja Muleba kwa dada yake. Gari likienda kilomita 12 kwa lita, atatumia shilingi 100,000. Likienda kilomita nane, atatumia 150,000. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 600,000, na hilo si jambo dogo kwa mtu wa pensheni. Akumbuke pia kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa katika bei ya mafuta. Tangu hapo mwenye injini yenye kiu hulipa sehemu yake kila anapofika pampuni, bila kupewa risiti ya jina hilo.

Kuhusu ushuru, Kampala ina gharama ambayo Mwanza haina. Gari lenye umri unaozidi miaka kumi likiingia nchini limekuwa likitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa uzee wake tu. Juu ya hapo upo ushuru wa ukubwa wa injini: hakuna hadi sentimita za ujazo 1000, asilimia tano hadi 2000, na asilimia kumi kwa zinazozidi. Watengenezaji wa RS2000, kana kwamba waliijua forodha yetu, waliipa 1993, kwa hiyo inaponea chupuchupu katika daraja moja na ya 1600. Mpenzi wa Datsun 240Z hana bahati hiyo. Lakini asilimia 30 za uzee haziponi kwa ujanja wowote, na Mwalimu aende Mutukula kuuliza hesabu kamili kabla ya kutoa shilingi moja Kampala, si baada.

Nimeacha fundi mwishoni kwa makusudi, kwa sababu kwangu yeye ndiye mwamuzi. Gereji za Bukoba leo zinaijua Toyota ya kompyuta. Kijana atachomeka kifaa chake, atasoma hitilafu, atakutajia spea. Escort haina pa kuchomeka kitu. Inataka mtu anayeweza kusikiliza kabureta ya Weber kama daktari asikilizavyo kifua, na watu hao wanapungua. Injini ya 1600 ni ya mtindo wa kale kabisa: kamshafti ipo chini ubavuni, inazungushwa kwa mnyororo, na valvu husukumwa kwa vijiti. Fundi wa zamani aliyefunga na kufungua malori atailewa kwa siku moja. Injini ya RS2000 imeweka kamshafti juu, inazungushwa kwa mkanda, na hulainishwa na kibomba chembamba chenye vitundu vidogo. Oili ikichelewa kubadilishwa, vitundu huziba, na kamshafti husagika kimyakimya. Wauzaji wengi hawalijui hilo, na wachache wanaolijua hawalisemi. Anayeijaribu asikilize juu ya injini ikiwa bado baridi. Ule mlio wa tiki-tiki-tiki usioisha ndio kamshafti inayolalamika.

Kwa zote mbili lipo swali la petroli. Injini hizi zilisanifiwa wakati petroli ilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ile ilikuwa ikilinda makalio ya valvu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006, na ni vizuri zilifanya hivyo, maana ilikuwa sumu kwa watoto. Muuzaji aulizwe kama makalio ya valvu yalishabadilishwa kuwekwa ya chuma kigumu. Akijibu kwamba hajui swali lina maana gani, basi hayajabadilishwa, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Neno moja juu ya udanganyifu. Kwa kuwa RS2000 ina bei kubwa duniani, Escort nyingi za kawaida zimevalishwa pua yake na nembo zake. Namba ya chesisi isomwe na mtu anayejua kuisoma. Na chini ya zulia, pale miguu ya dereva inapokaa, mtu abonyeze kwa kidole: bati lenye kutu hulia kama biskuti. Mvua za Bukoba zitamalizia kilichoanzwa mahali pengine, na bodi iliyooza haijui kama mbele yake kuna 1600 au 2000.

Basi, Mwalimu, jibu langu ni ile nyeupe ya Mwanza, ya 1600, kwa sharti kwamba bati lake ni zima. Utakosa gia ya tatu katika kupanda Rwamishenye. Utabakiwa na asilimia 30 ambazo hukuzilipa mpakani, shilingi laki sita kila mwaka, na injini ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuifungua bila kumpigia mtu simu Ulaya. Kama ungekuwa kijana asiye na mke, huna wajukuu na nyumba haina ufa, pengine ningekuachia Kampala uende ukaumie mwenyewe.

Nilimsomea haya kwa simu kabla ya kuyapeleka mtamboni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na mlio wake?" Nikamwambia mlio wa 1600 ni mwembamba zaidi, siwezi kumdanganya. Nikamsikia mkewe akicheka huko nyuma. Mafundi waashi walianza Jumatatu, na Mwanza Mwalimu atakwenda lipu ikishakauka.