Diski haijafa jamani, mnaiua nyie!

Najua nimepotea kama mwezi na nusu hivi. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, nyumbani Kigoma, mwisho wa reli. Nimerudi chuo juzi, mgongo bado unauma kwa ajili ya basi. Nilipanga niwasimulie migebuka na mawese, lakini kuna jambo limenikaa rohoni na nisipolitema leo nitapasuka.

Ni hivi. Shule niliyopangiwa iko Ujiji (jina nalihifadhi, msiniulize). Ina stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na kompyuta tisa za kizamani, zile za boksi jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya pili nikakuta mkokoteni mlangoni, jamaa wa chuma chakavu anapakia. Nikauliza kulikoni. Nikajibiwa: "Hizo mbovu, hazisomi. Fundi kashazipima."

Sasa sikilizeni. Kwenye hizo kompyuta kulikuwa na kazi ya mwalimu wa historia ambaye alishastaafu, mwalimu wangu mimi mwenyewe. Kati ya 2003 na 2007 alikuwa anazunguka na daftari kwa wazee wa Ujiji, halafu jioni anachapa waliyomwambia: babu zao walivukaje ziwa kutoka upande wa Manyema, mitaa ilipataje majina, chumvi ya Uvinza ilibadilishwa na nini. Wazee wale karibu wote wameshatangulia mbele ya haki. Nakala ya karatasi hakuna, maana printa haikuwa na wino. Nikampigia simu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Kazi yangu umeikuta?" Nilikaa kimya mpaka akadhani mtandao umekata.

Mkokoteni ulikuwa umeshapeleka saba. Tukaokoa mbili.

Neno lenyewe "hazisomi" ndilo lililonitia hasira. Fundi alifanya nini? Alichomoa diski, akaitazama, akatazama kompyuta yake mpya, akaona tundu halifanani, akasema imekufa. Yaani umekwenda na ufunguo wa kufuli la zamani kwenye mlango mpya, haukuingia, basi unatangaza nyumba imebomoka!

Diski za enzi hizo zinaitwa IDE. Zina pini 40 nyuma, katika safu mbili, na zinaungwa kwenye ubao mama (mazabodi kwa lugha ya mafundi) kwa ule waya mpana bapa kama mkanda wa shule. Kuanzia 2003 zikaingia diski za SATA, zenye waya mwembamba wa njia saba. Ilipofika 2006 Intel wakaacha kuweka IDE kwenye chipu mpya za ubao mama, na wenye viwanda wakaendelea kuliweka tundu hilo kwa muda kwa kutumia chipu ya pembeni, mwisho nao wakaliondoa. Kwa hiyo ubao wa leo hauna tundu. Kosa la diski liko wapi hapo?

Njia zipo. Kuna adapta ya kugeuza IDE kuwa USB, kitu kidogo kinachoingia mfuko wa shati, nami niliazima kwa jamaa mmoja pale Mwanga. Ila hapo pia watu wengi wanachemka. Diski kubwa ya kompyuta ya mezani inataka volti 12 kuzungusha mota, na USB inatoa 5. Lazima uchomeke na ile powasaplai yake, plagi yenye nyaya nne: njano volti 12, nyekundu 5, mbili nyeusi za ardhi. Ukiacha hiyo, diski haitatoa hata mguno, utasema "imekufa". Diski ya laptopu ndiyo ndogo, ina pini 44 na umeme wake unapita humo humo.

Halafu jampa. Jamani jampa! Ni kile kijiplastiki chenye chuma ndani, kidogo kama punje ya mchele, kinakaa kati ya tundu la data na la umeme. Waya mmoja wa IDE unabeba diski mbili, basi lazima moja iwe masta na nyingine slevu, na jampa ndiyo inayoziambia. Zikiwa masta zote mbili, baiosi inachanganyikiwa, huenda isione hata moja. Na adapta nyingi za USB zinataka diski iwe masta. Diski ya mwalimu ilikuwa ya pili kwenye ile kompyuta, yaani slevu. Mara ya kwanza tulipochomeka, kimya. Fundi wa jirani akacheka, "si nilikwambia?" Nikasoma ule mchoro uliobandikwa mgongoni mwa diski, nikahamisha jampa kwa kibano cha nyusi cha dada yangu, tukazima, tukachomeka upya (IDE usiichomeke wakati umeme unatembea, siyo flashi hii). Ikanguruma kama pantoni, ikaonekana.

Windows ikauliza kama nataka kufomati. Mdau, ukiulizwa swali hilo mbele ya diski ya zamani, jibu ni HAPANA, hata kama umechoka, hata kama ni saa nane usiku. Nikawasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, nikanakili kila kitu kwanza, kufungua mafaili baadaye. Mazungumzo na wazee kumi na mmoja yalikuwemo. Mwalimu anasema alizungumza na zaidi ya ishirini. Waliobaki walikuwa kwenye mashine nyingine, na hiyo iliondoka na mkokoteni.

Diski ya pili tuliyookoa ilikuwa inagonga tu, ka-ka-ka. Hiyo kweli ilikuwa mgonjwa mahututi, nikaizima mara moja. Sibishi, diski zinakufa. Nabisha kuandika cheti cha kifo bila kupima mapigo.

Lakini lawama zote nisimtupie fundi. Tujiangalie sisi wa ualimu. Tangu 2005 mtaala wa sekondari unaimba umahiri, umahiri. Haya, nani kati yetu humu bwenini amewahi kufungua boksi la kompyuta kwa skrubu? Tunakariri "taja sehemu tano za kompyuta", tunapata A, halafu tunapelekwa shule ambazo stoo imejaa mashine za misaada za miaka ile, na kompyuta ikigoma tunamtafuta "mtu wa kompyuta". Zile tisa za kizee zingekuwa maabara! Mtoto ashike jampa, ahesabu pini, akosee, arudie. Badala yake zimeuzwa kwa kilo.

Kuna rafiki yangu humu (anajijua) kaniambia haya ni mambo ya makumbusho, siku hizi kila kitu kiko wingu. Kaka, wingu lako lilianza lini? Kwetu kabla gridi ya Taifa haijafika umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na waliochapa kitu miaka hiyo walikihifadhi kwenye diski na flopi. Matokeo ya wanafunzi, kumbukumbu za vijiji, kaswida za madrasa, picha za harusi. Hakuna mtu aliyevipandisha kwenye wingu lolote. Tena kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Shule inampaje mtu wa chuma chakavu majina na alama za watoto, bila kunakili na bila kufuta?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yametokea Kigoma. Liemba yenyewe ililetwa kwa reli kutoka Dar vipande vipande, masanduku kama 5,000, ikaungwa pale pale kwetu, ikaingia majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ila mafundi wakapaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Meli imelala chini ya ziwa miaka, ikafufuka ikabeba watu na dagaa miongo na miongo. Sisi diski imekaa stoo kavu tumeshindwa!

Haya. Adapta bado ninayo, mwenyewe ataidai mwisho wa mwezi. Jumamosi hii kuanzia saa nne asubuhi niko chumbani. Mwenye diski ya marehemu baba, ya kaka, ya ofisi ya kijiji, aje nayo. Njoo na skrubu dereva yako, na tafadhali usiitikisetikise njiani.