Saa 28 za Tokyo

Kuna wanaodhani shule binafsi ya Kijapani pale Tokyo ni mlango wa kuzamia: unalipa ada, unapata viza, unaenda zako kubeba boksi. Thubutu! Mwanafunzi anaruhusiwa kazi saa 28 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena kwa kibali. Ukizidisha, au ukitoroka vipindi, unaweza kunyimwa nyongeza ya viza. Unarudi mikono mitupu na deni la ada liko palepale. Darasani nako si lelemama: hiragana 46, katakana 46, halafu kanji, ambazo za matumizi ya kawaida tu ni 2,136! Usiku umefungasha vyakula kiwandani, asubuhi unasinzia mbele ya mwalimu. Kama mjomba anataka kuuza shamba akupeleke, mtajie kwanza hizo saa 28, mpige hesabu pamoja.