Wenzake Askofu Hannington

Kila mwaka ifikapo tarehe 29 Oktoba, Waanglikana humkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa katika nchi ya Busoga mwaka 1885. Katika kalenda za makanisa mengine, baada ya jina lake huongezwa maneno mawili: "na wenzake." Maneno hayo husomwa upesi, watu huitikia Amina, na ibada huendelea. Ni wachache waulizao wenzake hao walikuwa akina nani.

Walikuwa wachukuzi. Mwezi wa Julai 1885 msafara wa watu zaidi ya mia mbili uliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, ukashika njia ya kupita katika nchi ya Wamasai. Njia hiyo ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani ya kuzunguka kusini mwa ziwa, na hewa yake ilikuwa bora. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo Askofu hakuipima vya kutosha: huko Buganda mgeni atokaye upande wa mashariki alihofiwa kuliko wote, kwa maana ilidhaniwa kwamba wenye kuiteka nchi wangetokea upande huo. Walipofika Kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, Askofu aliwaacha watu wengi nyuma, akatangulia na wapatao hamsini. Alikamatwa Busoga tarehe 21 Oktoba, akafungwa siku nane, kisha akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Watu wake waliuawa pamoja naye. Waliookoka wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Habari za siku nane za Askofu zinajulikana siku kwa siku, kwa kuwa alikuwa na kitabu chake cha kumbukumbu ambacho hakikupotea, na baadaye maandiko yake yakapigwa chapa huko Uingereza. Aliandika homa yake, sala zake na hofu yake. Hao hamsini nao walikuwa na siku nane zile zile. Walifungwa vile vile, wakasikia ngoma zile zile usiku, wala hapana shaka walisemezana kama wasemezanavyo watu walio mbali na kwao. Lakini hawakuwa na karatasi wala kalamu. Yaliyonenwa baina yao yalikwisha nao.

Haifai kudai kwamba wote walikuwa Wakristo. Misafara ya pwani wakati ule ilichukua watu wa kila namna: waliobatizwa Rabai na Frere Town, Waislamu, na walioshika desturi za wazee wao. Walichukua mizigo ya ratili sitini na zaidi kwa ujira, na hapana aibu yo yote katika ujira. Hata hivyo walikuwamo waumini wa kweli, na kanisa lisemalo "na wenzake" linakiri kwamba lina deni kwao, ijapokuwa halijui limlipe nani.

Mmoja wao anajulikana vema, naye hakufa Busoga. Huyo ni Kasisi William Jones, aliyeachwa Kwa Sundu kuwaongoza waliobaki. Jones alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akalelewa katika misheni ya Sharanpur karibu na Nasik, huko Bara Hindi. Mwaka 1864 alitumwa Rabai kumsaidia mzee Johannes Rebmann. Mwezi wa Mei 1885 yeye na mwenzake Ishmael Semler waliwekewa mikono na Hannington wakawa mashemasi, Waafrika wa kwanza wa kanisa lao kupewa daraja hiyo katika nchi iitwayo leo Kenya. Miezi miwili tu baadaye alikuwa njiani.

Habari za mauaji zilipomfikia, Jones hakukimbia. Alingoja kwa wiki kadhaa, labda angetokea mtu mwingine aliye hai. Kisha aliukusanya msafara, akaurudisha pwani kwa njia ile ile ya hatari waliyokuja nayo. Waliingia Rabai mwezi wa Februari 1886, mbele yao ikitangulia bendera yenye neno moja, Ikabodi, jina la Kiebrania lenye maana kwamba utukufu haupo tena. Watu waliotoka kuwalaki walianza kutazama nyuso moja moja, na wake na mama wengi waliutazama mstari ule mpaka mwisho wake bila kumwona waliyemtafuta. Kumrudisha mtu kwao ni kazi kubwa. Na kurudi na habari za wasiorudi ni kazi kubwa zaidi. Jones aliifanya, kisha akaendelea kuwa mchungaji wa Rabai kwa miaka mingi.

Miaka hiyo haikuwa ya raha. Watumwa wengi walikuwa wametoroka mashamba ya pwani na kukimbilia Rabai na misheni nyingine, na wenyewe walikuja kuwadai. Jambo hilo halikumalizika ila kwa fedha. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Kwa wengi wao hati hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza kuandikwa jina lao.

Kabla ya hapo wengine walikwisha kulipa kwa damu. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na kijiji cha waumini na watoro walioishi pamoja wakilima na kusali, wala hapakuwa na Mzungu kati yao. Kiongozi wao aliitwa David Koi. Mwaka 1883 alishikwa na maadui wa kijiji kile, akakatwa kichwa. Kanisa la Kianglikana la Kenya humhesabu kuwa shahidi wake wa kwanza, naye alimtangulia Hannington kwa miaka miwili. Lakini ulizeni katika usharika wo wote wa bara ni nani kati ya hao wawili anayejulikana zaidi.

Msomaji asidhani kwamba neno hili ni la kulaumu Wazungu kwa kuwakumbuka Wazungu. Waliandika habari za watu wao, nao walifanya vema. Tena hao hao ndio walioandika zile chache tulizo nazo za wengine. Mringe, kiwete wa Rabai aliyekuwa mtu wa kwanza kubatizwa katika misheni ile, naye akabatizwa karibu na kufa kwake, anajulikana kwa sababu Ludwig Krapf alimtaja katika kitabu chake. Asingalitajwa humo, asingalijulikana hata kwa jina.

Walio Uganda walitenda zaidi. Vijana waliouawa kwa amri ya Mwanga mwaka 1885 na 1886, wengi wao huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wanajulikana mmoja mmoja: jina, ukoo, kazi yake katika jumba la Kabaka, na namna alivyokufa. Rafiki zao waliobaki walisimulia, na maneno yao yakaandikwa wakati mashahidi walikuwa bado hai. Kwa hiyo Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu huko Roma, tarehe 18 Oktoba 1964, aliweza kuwatangaza kwa majina. Wachukuzi wa Hannington waliuawa katika miaka ile ile, kwa amri ya mfalme yule yule. Lakini rafiki zao walikuwa wamekufa pamoja nao, na walioachwa pwani hawakuulizwa upesi.

Jambo hili si la zamani tu. Katika sharika zetu za mashamba wazee wanaondoka, na yale yasomwayo kaburini hulingana mno. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alioa, aliacha watoto kadha na wajukuu kadha, alikuwa mpenda watu. Hayo yote ni kweli, lakini yanamfaa mtu ye yote. Yasiyosemwa ndiyo yaliyokuwa yake peke yake. Alipotaka kubatizwa, baba yake alisema nini? Ni nani aliyemfundisha kusoma, tena jioni baada ya kazi gani? Mwaka wa njaa alimkopesha nani mbegu? Kanisa la kwanza lilipoezekwa, makuti au nyasi zilitoka wapi, na ni nani aliyezibeba?

Liko pia neno la majina. Katika kitabu kimoja cha ubatizo waweza kuwapo akina Yohana kumi, na kama karani aliona uvivu kuandika jina la baba na la ukoo, hapana awezaye baadaye kumtenga Yohana huyu na yule. Jina la nyumbani lilikuwa likiachwa kana kwamba ni nguo chafu. Hasara ya jambo hilo huonekana baada ya miaka hamsini, mjukuu ajapo kutafuta habari za babu yake, akakuta mstari mmoja tu, nao umeliwa na mchwa nusu yake. Daftari jipya na jioni mbili tatu pamoja na mzee mwenye kumbukumbu njema ni gharama ndogo. Mzee aulizwe polepole, tena aachwe apotee njia kidogo katika masimulizi yake, kwa maana mara nyingi lililo la maana hutoka hapo.

Yuko mtu mmoja wa Frere Town aliyepata bahati ya kuulizwa. Alilelewa Sharanpur kama Jones, naye mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa watu waliouchukua mwili wa Daktari Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mpaka Bagamoyo pwani, safari ya miezi mingi. Kisha alikaa Mombasa maisha yake yote, akifanya kazi na kusali kama watu wengine, hata akafariki mwaka 1935 akiwa mzee sana. W. J. Rampley aliandika maisha yake katika kitabu kidogo. Katika vitabu vya misheni mtu huyo ni Matthew Wellington. Lakini kwa kuwa aliulizwa naye akajibu, yajulikana hata leo kwamba huko Uyao, kabla hajatekwa, aliitwa Chengwimbe.