Detekta ya "mita 5": sarafu huonekana kina gani?

Msikilizaji, swali linalorudi sana kwenye simu zenu ni hili: detekta ipi inaona sarafu iliyofukiwa chini kabisa? Wapo wanaotaka kuuza ng'ombe kutafuta rupia za Mjerumani, kwa kuwa muuzaji kasema mashine yake inafika mita 5.

Kwa sarafu moja, sahau mita 5. Rupia ile ya madini ya fedha ina upana wa takriban sentimita 3. Detekta nzuri huipata kwenye sentimita 20 hadi 30, udongo ukiruhusu. Ile ya dhahabu ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, ni ndogo zaidi. Mashine hutuma nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza mwitikio unaorudi. Kina kikiongezeka mara mbili, kinadharia mwitikio hushuka hadi karibu sehemu 1 ya 64. Kwa hiyo kulipa bei mara tatu hakukupi kina mara tatu.

Muuzaji huenda hadanganyi moja kwa moja. Zipo mashine za visanduku viwili zinazogundua pipa la chuma mita kadhaa chini. Lakini juu ya sarafu hupita kimya!

Halafu kuna koili, lile duara la chini. Kubwa huenda chini zaidi kidogo, ila kujua sarafu ilipo hasa huwa kazi. Unachimba shimo la karai kutafuta kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda. Ndogo huonyesha mahali vizuri zaidi, hasa penye misumari mingi.

Udongo mwekundu wenye chuma kingi ndio mtihani mkubwa. Koili ya herufi D mbili huuhimili vizuri, ila ipitishe kwa njia ya msalaba ili upate katikati. Wachimbaji wa dhahabu hupenda mashine za mapigo, ambazo udongo huo hauzisumbui sana. Nyingi kati ya hizo, hata hivyo, hazibagui chuma vizuri: utachimba kila msumari.

Kabla ya kulipa, muuzaji aje shambani kwako. Fukia sarafu sentimita 15, 25 na 35, yeye asione mahali, kisha atafute.

Kwa walioko Kilwa: sarafu za masultani wa kale zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuzichimba kunahitaji kibali. Ukizikuta ukilima, toa taarifa ofisi ya wilaya.