Dawa Iliyofichwa Chini ya Nguo

Mzee anapojiandaa kwenda Makka, nyumba nzima hushughulika: pasi, chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ihramu, kandambili. Dawa za presha na sukari huwekwa kwenye mkoba wa mkononi, wazi. Ile ya usingizi, au aliyoandikiwa baada ya kufiwa na mkewe, huachwa nyumbani ama hufichwa chini ya nguo, kiongozi wa msafara asije akajua.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya dawa hiyo.

Hija ni siku tano au sita za jua, kutembea na kukesha: Mina, Arafa, usiku wa Muzdalifa nje chini ya mbingu, kisha Jamarati. Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Joto hilo hugusa akili pia. Mzee aliyeishiwa maji na asiyelala huweza kuweweseka, akasahau jina la mwanawe, akawaona watu wasiokuwepo. Anayetumia lithiamu, mwili ukikauka, dawa humzidia hadi kuwa sumu. Baadhi ya dawa nyingine za maradhi ya akili hupunguza jasho, mwili ukashindwa kujipoza. Na aliyeziacha ghafla kwa aibu huenda ugonjwa ukamrudia katikati ya ibada, amezungukwa na mahema meupe yanayofanana yote, asijue lake ni lipi.

Wenzake watasema kapagawa, au imani yake haba. Watamsomea. Kisomo ni chetu na hatukikatai, ila aliyezidiwa na joto anahitaji kivuli, maji na daktari saa hiyohiyo. Asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Wala hatuleti jambo geni katika dini. Mafakihi waliihesabu akili miongoni mwa masharti ya hija kuwajibika, na uwezo wa mwili na mali ukafuatia. Sisi ndio tuliobaki na nauli peke yake.

Viongozi wa misafara, tunawaomba: kabla ya kukata tiketi, mketisheni kila hujaji faraghani, mumuulize analalaje na anameza nini. Andikeni. Cheti cha daktari kisafiri pamoja na dawa. Nanyi watoto, msimfiche mzee wenu.