Jina Kamili Kwenye Daftari la Diko

Toleo hili linafunguliwa na familia ya papa yenye spishi tano tu zilizo hai, Lamnidae. Jenasi zake ni tatu: Carcharodon, ya papa mweupe peke yake, Isurus, ya mako wawili, na Lamna, ya papa wawili wa bahari za baridi. Wote wana mkia wa umbo la mwezi mwandamo na misuli yenye joto kuliko maji wanamoogelea.

Msomaji atauliza majina haya ya Kilatini yanamhusu nini mvuvi wa Kilwa au Lamu. Yanamhusu, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa katika sheria za biashara. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa CITES ziliwaingiza mako wote wawili katika Kiambatisho cha Pili. Mako wa mapezi mafupi aliingizwa kwa kuwa anapungua. Wa mapezi marefu, kwa kuwa anafanana na mwenzake. Tangu hapo nyama na mapezi yao hayauzwi nje bila kibali, na kibali chahitaji wanasayansi wa nchi wathibitishe kwamba biashara hiyo haimhatarishi samaki huyo.

Watathibitisha vipi, ikiwa daftari la diko limeandika “papa” na kilo zake, basi? Jike la mako hukaribia miaka 20 ndipo apevuke. Akichanganywa na papa wadogo wanaozaa mapema, jumla ya kilo yaweza kubaki ileile huku yeye anakwisha.

Wapo wanaosema wataalamu wenyewe hawatulii. Ni kweli: megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka, aliwekwa kwa muda mrefu pamoja na papa mweupe, na leo wengi wanamweka katika jenasi ya Otodus, nje kabisa ya Lamnidae. Lakini marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu meno yake yalihifadhiwa na kulinganishwa upya. Rekodi yenye maelezo husahihishika. “Papa, kilo 40” haisahihishiki milele.

Wala kazi yenyewe si ya maabara. Mako wa mapezi marefu ana pezi la kifua lenye urefu unaokaribia wa kichwa chake, na chini ya pua ni mweusimweusi. Mwenzake ni mweupe hapo. Karani aliyefundishwa atawatambua, mradi awaone kabla ya kisu. Basi daftari liongezwe safu ya spishi, na kila papa apigwe picha akiwa mzima, kabla ya mnada.